Nauli ya Kampala



Kituo cha wazima moto mjini Nairobi kipo katika Barabara ya Tom Mboya. Jina hilo lawafaa, kwani Bwana Mboya naye alikuwa mtumishi wa Baraza la Jiji, mkaguzi wa afya, kabla ya kuongoza chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka 1955, Kenya ikiwa bado katika Hali ya Hatari, alikwenda Dar es Salaam kushauriana na wenzake. Na Oktoba mwaka ule vyama vya Tanganyika viliungana, Bwana Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu. Mwaka 1958 kikafunguliwa Kampala chuo cha kuwafunza viongozi wa wafanyakazi wa Afrika.

Nayataja haya kwa kuwa nimesikia manung'uniko juu ya nauli ya mweka hazina wetu, aendaye Kampala kutazama vitabu vya chama cha wenzetu. Walalamikao wana haki: fedha hizo ni ada zetu, na wajane wawili wangali wakingojea msaada. Lakini hesabu zetu za mwaka jana hazikulingana, nasi sote twajua. Basi na aende, kwa basi la usiku, na akirudi asome mbele ya wazee matumizi ya kila senti.