Kubadili Injini ya Gari la Barabarani

Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya jambo ambalo wengi hudhani ni la mafundi peke yao, nalo ni kuitoa injini ya gari na kutia nyingine mahali pake. Siku hizi watu wa vijiji vingi huchanga fedha, pengine kwa muda wa miaka miwili mitatu, wakanunua HiAce moja kuukuu ya kuchukulia abiria na mazao mpaka mjini. Gari la namna hiyo huenda limekwisha kubadilishwa injini kabla halijawafikia, au litabadilishwa mikononi mwao. Fedha za watu wengi zimo humo, na roho zao pia.

Kwanza tuseme wazi ya kuwa kubadili injini si kosa. Wako watu wanaolitaja jambo hili kwa kunong'ona kana kwamba ni wizi. Sheria haikatazi, inataka kuarifiwa. Katika Tanzania kila gari lililosajiliwa lina kadi yake itolewayo na Mamlaka ya Mapato, na katika kadi hiyo zimeandikwa namba ya chesisi na namba ya injini. Katika Kenya kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012, na hati yenyewe watu huiita logibuku. Injini ikiisha kubadilishwa, maandishi yale hayasemi kweli tena, wala hayawezi kuachwa hivyo. Mwenye gari hana budi kupeleka habari, pamoja na hati za kuonyesha injini ya pili imetoka wapi, na gari likaguliwe, ndipo iandikwe namba mpya.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Injini ya mtumba hununuliwa kwa fundi, fedha taslimu, bila risiti, kwa kuwa bei ni nafuu. Walakini namba ya injini imechongwa katika chuma chenyewe. Askari akiisoma njiani na kuona haipatani na kadi, aweza kulizuia gari kituoni mpaka mwenyewe aeleze. Naye asiye na risiti ataeleza nini? Ikiwa injini ile ilitolewa katika gari lililoibwa, mnunuzi ndiye aliyekutwa nayo. Hali kadhalika bima: kampuni ilipokea fedha kwa gari la namna iliyoandikwa, na siku ya ajali, ikionekana gari ni la namna nyingine, yaweza kubisha kulipa.

Nchi nyingine hutazama na moshi. Katika jimbo la California, huko Marekani, ambako hewa ya miji iliharibika sana kwa moshi wa magari, injini inayotiwa haina ruhusa kuwa ya mwaka wa nyuma kuliko gari lenyewe, tena sharti ije pamoja na vyombo vyake vyote vya kupunguza sumu. Sisi twaiona kanuni hiyo kuwa ya akili hata mahali isipoandikwa, kwani kutia injini iliyochakaa katika gari lililo jipya kuliko hiyo ni kununua ugonjwa.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Ziko injini ambazo ni ndugu. Katika magari ya Toyota, injini za dizeli ziitwazo 2L, 3L na 5L ni za ukoo mmoja, ijapokuwa ukubwa wao ni mbalimbali: ya kwanza ina sentimita za ujazo 2446, ya pili 2779, ya tatu 2986. Kutoa 2L iliyokufa na kutia 3L ni kazi ambayo fundi mwema huifanya bila taabu kubwa. Kubaki katika ukoo ndiyo njia twayoisifu.

Taabu huanza mtu anapotaka kutoa injini ya petroli na kutia ya dizeli, kwa kufuata unafuu wa mafuta. Hizi si ndugu kabisa. Ya petroli hubana hewa na mafuta yake kama mara 9, kisha plagi huwasha moto; ya dizeli hubana hewa mara 20 na zaidi, hata ikapata joto la kuwasha mafuta bila plagi. Kwa sababu hiyo imejengwa kwa chuma kinene na ni nzito, na springi za mbele hulemewa. Giaboksi na difu zilipangwa kwa mwendo wa injini ya kwanza. Rejeta huenda isitoshe. Tangi nalo lisafishwe, maana petroli iliyosalia huharibu pampu ya dizeli, ambayo hupata ulaini wake katika dizeli yenyewe.

Lakini hayo yote dereva atayasikia mapema. La kuogopwa zaidi ni breki. Injini ya petroli, inapovuta hewa, hufanya uvutano katika njia ya hewa, na uvutano huo hupelekwa kwa mpira katika mtungi ulio nyuma ya breki, mafundi huuita busta, nao humsaidia dereva kukanyaga. Injini ya dizeli haina uvutano huo. Yahitaji pampu yake, na mara nyingi pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa alteneta. Basi fundi mwenye haraka huitupa alteneta ya dizeli kwa kuwa imeungua, akafunga ile ya petroli iliyokuwako. Taa zawaka, honi yalia, injini yanguruma vizuri, na gari laondoka na abiria. Dereva akifika mteremko wa Kitonga, katika njia ya kwenda Iringa, akakanyaga, pedeli ni ngumu kama jiwe.

Wanafunzi na wafanye hesabu hii: mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu inayotakiwa kulisimamisha gari huzidi mara nne. Gari la mwendo wa kilomita 80 kwa saa lahitaji mara nne ya lile la 40. Kwa hiyo hata anayetia injini yenye nguvu zaidi ya ile ya kwanza, ya ukoo wo wote, yampasa atazame breki kabla ya kuusifu mwendo.

Mkienda kununua gari, chukueni kadi mkononi. Katika HiAce za zamani injini iko chini ya viti vya mbele; inueni kiti, futeni mafuta, someni namba, na kama ni tofauti ulizeni hati yake papo hapo. Kisha, injini ikiwa imezimwa, mmoja wenu akanyage breki mara nne au tano mpaka pedeli iwe ngumu, aishikilie hivyo, ndipo injini iwashwe. Pedeli ikishuka kidogo chini ya mguu, mtungi unafanya kazi. Isiposhuka, rudini na fedha zenu nyumbani mpaka fundi aonyeshe pampu iko wapi.