Harufu ya Wanyama katika Nyumba Iliyokwisha Kukaliwa

Mazungumzo kwa wakazi wa Mkoa wa Songwe

Tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo wengi huliona dogo mpaka liwafike: harufu ya mbwa, paka au kuku inayobaki ndani ya nyumba baada ya wenyewe kuhama.

Tunduma ni mji wa mpakani. Watu huja kwa biashara, wengine huhamishwa kikazi, na nyumba zinauzwa kila siku. Katika nyumba nyingi mbwa alilinda usiku, paka alifukuza panya kwenye magunia ya mahindi, na kuku walilazwa jikoni kwa kuhofia wezi na baridi. Hakuna ubaya katika hayo. Tatizo huanza pale mnunuzi anapolipa fedha alizodunduliza kwa miaka mingi, akahamia mwezi wa Septemba katika nyumba isiyonuka, kisha mvua za Novemba zikaanza na chumba cha watoto kikajaa harufu kali. Hapo ndipo anapokimbilia dukani kununua manukato na dawa asizozifahamu, na wakati mwingine akahatarisha maisha ya watu wake.

Kwa nini harufu ilijificha? Sakafu ya saruji na plasta ya ukuta zina vitundu vidogo vinavyonywa maji. Mkojo hupenya humo pamoja na chumvi zake. Wakati wa kiangazi hukauka na kutulia. Unyevu ukirudi, chumvi huuvuta, na vijidudu huivunja yurea iliyomo katika mkojo na kutoa amonia, ile hewa inayochoma pua. Mkojo wa paka una pia kemikali za salfa, ndiyo maana huwa mkali kuliko wa mbwa. Kinyesi cha kuku nacho kina asidi ya yuriki kwa wingi, na asidi hiyo haiyeyuki kwa urahisi katika maji. Kwa hiyo harufu unayoisikia hewani inatoka sakafuni na ukutani. Ubani, udi na manukato ya kupulizia huifunika kwa saa chache tu. Chanzo hubaki palepale.

Hatua ya kwanza, basi, ni kutafuta mahali penyewe. Hapa Tunduma chombo kinachofaa kipo madukani: ile tochi ya mwanga wa zambarau ambayo wafanyabiashara huitumia kukagua noti. Zimeni taa usiku, mulikeni sakafu, pembe za vyumba na sehemu ya chini ya kuta. Mara nyingi doa la mkojo mkavu hung'aa kwa rangi ya manjano au ya kijani hafifu. Kwa kuwa sabuni na vitu vingine pia huweza kung'aa, thibitisheni kwa kunusa, kisha zungushieni doa alama ya chaki. Msiielekeze tochi hiyo machoni.

Hatua ya pili ni kuondoa uchafu bila kupeperusha vumbi. Vaeni glovu na mfunike pua na mdomo. Kinyesi kikavu kilowesheni kwanza kwa maji ya sabuni, ndipo mkizoe. Msikifagie kikiwa kikavu. Mama mjamzito asiifanye kazi hii, kwa sababu kinyesi cha paka huweza kubeba vimelea vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni.

Hatua ya tatu ni kuosha. Sugueni kwa maji na sabuni ya kawaida, nyonyeni maji yale kwa kitambaa badala ya kuyasambaza chumba kizima, suuzeni, kisha acheni pakauke. Ikiwa mmepata dawa yenye vimeng'enya iliyotengenezwa kwa ajili ya mkojo wa wanyama, ifuateni kama lebo inavyoagiza, hasa kuhusu muda wa kuiacha ikiwa mbichi. Ikifutwa mapema haijamaliza kazi yake. Mkiikosa, changanyeni siki na maji kwa kiasi sawa, mpake kwenye doa, muache kwa robo saa na kusuuza vizuri. Siki huituliza amonia, lakini pia huweza kuila saruji na terazo. Ijaribuni kwanza pembeni pasipoonekana. Pakishakauka, nyunyizeni bekingi soda usiku kucha na kuifagia asubuhi. Tunasema bekingi soda ya kuokea. Magadi ya kuivishia maharage ni kitu kingine.

Huenda mkarudia mara mbili au tatu. Zulia, godoro na mikeka iliyolowa kwa miaka haifai kuhangaikiwa, itolewe. Kama sakafu imenywa sana, fundi abandue tabaka la juu na kupiga sakafu upya, au ikaushwe kwa siku kadhaa na kupakwa rangi ya kuziba. Rangi ikipakwa juu ya unyevu itabanduka, na harufu itarudi pamoja na hasara.

Sasa tunaomba mtusikilize kwa makini zaidi. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, ambayo wengi huiita jiki, isimwagwe juu ya mkojo. Ikikutana na amonia hutoa hewa ya sumu inayoumiza macho na mapafu. Isichanganywe na siki wala dawa ya chooni yenye asidi, kwa maana hapo hutoka hewa ya klorini yenyewe. Mtu akiona macho yanawasha na kifua kinabana, atoke nje mara moja, awatoe na wengine, na aende kituo cha afya ikiwa hali haitulii. Vilevile, msiwashe jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa ili kukausha sakafu au kufukiza ubani. Hewa ya mkaa haina harufu, na huua watu waliolala. Mkaa usiowashwa unaweza kuwekwa kwenye beseni chumbani ili kupunguza harufu. Huo hauna madhara.

Kuhusu ununuzi, tunashauri msinunue dawa iliyojazwa katika chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Haina jina, haina maelekezo, na mtoto huidhania kinywaji. Tazameni lebo: jina la mtengenezaji, vilivyomo, tahadhari na tarehe ya mwisho wa matumizi. Daini risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na malalamiko yasiyo na risiti huwa magumu kuthibitishwa.

Hata hivyo, ulinzi ulio bora ni ule wa kabla ya kulipa. Mwambieni dalali afunge madirisha usiku kucha, nanyi mfike asubuhi kabla hayajafunguliwa. Ikiwa ni kiangazi, ombeni ruhusa ya kumwagia maji kidogo katika pembe za vyumba, msubiri, mnuse. Ulizeni majirani ni wanyama gani walifugwa na walilala wapi. Jihadharini na chumba kilichopakwa rangi juzi huku vingine vikiachwa, au kilichofukizwa udi asubuhi ile ya kuonyeshwa nyumba. Dosari ikionekana, gharama ya kuirekebisha iandikwe katika mkataba: nani atabandua sakafu, lini, na bei itapunguzwa kiasi gani. Maandishi hayo yasainiwe mbele ya mashahidi, na ofisi ya serikali ya mtaa ipewe taarifa kabla fedha hazijatolewa.

Wauzaji nao tunawasihi waseme kweli mapema. Kupiga sakafu upya katika chumba kimoja ni gharama ndogo ukilinganisha na ugomvi utakaozuka mvua zikianza. Nanyi wanunuzi, msione haya kupiga magoti na kunusa sakafu ya nyumba mnayotaka kuitolea akiba yenu yote. Ni haki yenu.

Sasa tupo tayari kupokea maswali.