Dawa Mbili, Mgonjwa Mmoja
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kegonga)

Leo hatuzungumzi juu ya mbegu wala mikopo. Tunazungumza juu ya mgonjwa anayetumia dawa ya kupunguza kinga ya mwili, na papo hapo anahitaji dawa ya huzuni.

Tukisikia "kinga ya mwili", hapa kwetu tunafikiri Ukimwi mara moja. Sivyo. Dawa za Ukimwi huisaidia kinga. Hizi nyingine huipunguza, tena kwa makusudi. Kuna watu ambao kinga yao imekuwa kama mbwa anayemuuma mwenye boma: inashambulia viungo, kama katika baridi yabisi, au ngozi na figo, kama katika ugonjwa wa lupasi. Mwingine amewekewa figo ya ndugu yake, na kinga inaiona kama mwizi aliyeingia. Ndiyo maana wanapewa prednisoloni, azathioprini, siklosporini au takrolimasi.

Sasa mtu huyu anaishi na maumivu, gharama na safari za hospitali. Je, ni ajabu akivunjika moyo? Usingizi hapati, chakula hakipiti, anasema afadhali afe. Huo si uvivu, wala hakulogwa. Ni ugonjwa, nao una matibabu: mazungumzo na mshauri, na dawa kama amitriptilini au fluoksetini. Tena prednisoloni yenyewe inaweza kuvuruga usingizi na hali ya moyo. Kwa hiyo daktari aambiwe mapema.

Mtauliza, je, dawa hizi humezwa pamoja? Mara nyingi ndiyo, mradi daktari anazijua zote. Hatari iko katika kuficha. Tushike mambo matatu.

Kwanza, dawa moja huweza kubadili nguvu ya nyingine. Dawa ya huzuni iitwayo fluvoksamini huweza kupandisha siklosporini na takrolimasi katika damu, na hizo zikizidi huumiza figo. Mitishamba nayo imo. Mwaka 2000 madaktari wa Zurich, nchini Uswisi, waliandika habari za wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo. Walikuwa wakitumia mmea uitwao St John's wort, ambao watu wa huko hutumia kwa huzuni. Mmea ule ulishusha siklosporini katika damu, na miili yao ikaanza kuukataa moyo. Wale walitafuta nafuu tu. Basi sisi tunaochemsha mizizi bila kumwambia daktari, tujiulize.

Pili, fluoksetini ikikutana na prednisoloni, na juu yake tukaongeza diklofenaki au ibuprofeni ya dukani, tumbo huweza kutoka damu. Choo kikiwa cheusi kama lami, twende hospitali siku hiyo hiyo.

Tatu, tusiache dawa ghafla. Mwili uliozoea prednisoloni kwa majuma mengi husahau kujitengenezea homoni yake. Mtu akiacha siku moja anaweza kuanguka, hata kufa. Aliyepandikizwa figo akiacha dawa, figo inakataliwa. Dawa ya huzuni nayo si kama ya kichwa: hungoja majuma mawili hadi manne, pengine zaidi. Wengi huiacha juma la kwanza wakisema haifai. Majuma hayo ya kwanza tusimwache mgonjwa peke yake, hasa akiwa kijana. Na amitriptilini itunzwe na mtu mwingine nyumbani, maana vidonge vingi kwa mara moja huua.

Kikundi kifanye nini? Tuseme mwenzetu anapata dawa za viungo Migori, dawa ya huzuni anapewa kwingine, na ya maumivu ananunua sokoni Isebania. Nani anaziona zote? Hakuna. Basi kazi yetu ni hii: dawa zote, pamoja na za miti, ziwekwe katika mfuko mmoja, na mfuko huo ufike mbele ya kila daktari. Akiba yetu isaidie nauli. Mmoja wetu afuatane naye, aandike kwenye daftari yale yanayosemwa. Akishikwa na homa asingoje kesho, kwa sababu kinga yake iko chini.

Wengine huficha huzuni kwa kuogopa polisi, kwani sheria ya zamani ilimshtaki aliyejaribu kujiua. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Wengine huambiwa wakiomba waache vidonge. Wenzetu, maombi na dawa havigombani.

Tukirudi nyumbani leo, kila mmoja amfikirie jirani aliyeacha kuja mkutanoni. Huenda si mvivu wa mchango. Tumpigie hodi, tuketi naye, halafu tumwombe atuonyeshe mfuko wake wa dawa.