Nyumba ya Wazee: Tuipime kwa Mizani Gani?

(Maneno tuliyoyatoa mbele ya vikundi vya kujisaidia kutoka Amu, Pate na Hindi)

Tumefurahi kuona vikundi vyote vimefika, hata ninyi wa Faza na Kizingitini mliongojea maji yajae ndipo boti ipite Mkanda.

Mikutano iliyopita tumezungumza habari za visima, kuku na mikopo. Leo tunataka kusema juu ya wazee wetu waliopotewa na kumbukumbu. Ni jambo la ndani ya nyumba, watu hawapendi kulitaja barazani. Lakini kikundi kinachosaidiana kwa harusi na matanga, mbona kisisaidiane kwa hili?

Tulivyoanza

Sisi wa kamati ya kutembelea wagonjwa tuliitwa na jamaa mmoja hapa visiwani. Mama yao amepita miaka 80. Alianza kwa kusahau chumvi kwenye mchuzi. Halafu akawa anamuuliza mumewe, aliyekufa zamani: yuko baharini? Atarudi na maji gani? Usiku huamka, hujifunga leso, hutaka kutoka kwenda kumpokea. Siku moja alfajiri alikutwa jetini peke yake.

Watoto wake ni wanne. Wawili wako Mombasa, mmoja yuko Uarabuni kwa kazi, na binti mmoja ndiye anayekaa naye. Wale wa mbali wakasema: tumpeleke nyumba ya wazee, pesa tutachanga. Binti akanyamaza. Basi wakatuomba sisi twende bara tukazitazame nyumba mbili walizosikia, halafu tuwaambie ipi ni nzuri.

Kusema kweli, hatukujua tutazame nini. Ukienda kununua mashua unagonga mbao, unatazama kalafati, unauliza umri wake. Nyumba ya wazee unaigonga wapi?

Kwanza tuujue ugonjwa

Mzee akisahau jina la mgeni aliyekuja harusini, si neno. Akisahau njia ya msikiti aliokwenda miaka 50, hapo kuna ugonjwa. Waganga wa hospitali wanauita dimenshia. Aina inayoonekana zaidi inaitwa Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 duniani wanao ugonjwa huu, na walio wengi wako katika nchi zisizo tajiri kama yetu. Dawa ya kuuponya haijapatikana.

Lakini sikilizeni vizuri. Si kila kuchanganyikiwa ni ugonjwa huu. Mzee aliyekuwa sawa juzi na leo anaweweseka, huenda ana malaria, au maambukizo ya mkojo, au amekosa maji mwilini, au sukari imepanda au kushuka, au ni dawa anazomeza ndizo zinazomchanganya. Hayo yanatibika. Mpelekeni zahanati, au hospitali ya King Fahd hapa Amu, kabla ya kukaa kikao cha kuamua aende wapi.

Na tuseme wazi: huu si uchawi. Jirani zetu wa Kilifi wameona msiba mkubwa. Wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi wanaowashuku ni jamaa zao wenyewe, ugomvi wa shamba ukiwa nyuma yake. Huko Ganze kuna mahali panaitwa Kaya Godoma, ambapo wazee walioshukiwa hivyo hukimbilia kuokoa roho zao. Sasa fikirini: mzee anatembea usiku, anasema peke yake, anaingia ua wa mtu akidhani ni kwake. Sisi tunajua ni maradhi. Asiyejua atasema nini?

Je, kumpeleka ni aibu?

Wapo wanaosema nyumba za wazee ni mambo ya Wazungu. Si kweli yote. Wenzetu wa Zanzibar wanazo nyumba za serikali za kutunza wazee, Sebleni na Welezo kule Unguja, na Limbani kule Pemba. Nairobi, mtaa wa Kasarani, masista wanaoitwa Masista Wadogo wa Maskini wana Nyumba ya Wazee. Shirika lao lilianza mwaka 1839 Ufaransa, pale Jeanne Jugan alipomchukua ajuza mmoja kipofu, akampa kitanda chake, yeye mwenyewe akaenda kulala darini. Mwaka 2009 Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu.

Basi mzee asiye na mtu, au ambaye hayuko salama kwa jamaa zake, nyumba kama hiyo ni rehema. Aibu ni kumpeleka bila kupima, kama mtu anayetupa mzigo.

Tuliyoyaona safarini

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya kupendeza. Vigae, feni, televisheni kubwa. Tulifika saa tano asubuhi na wazee wengi bado wamo vitandani. Tukauliza kwa nini. "Wametulia," tukaambiwa. Mzee mmoja akatuita kwa mkono. Tukamwuliza mhudumu, huyu ni nani? Akasema, "Huyo ni wa kitanda cha sita."

Nyumba ya pili ilikuwa ya mabati na sakafu ya saruji. Pale mama mmoja alikuwa anachambua mchele, mwingine anafagia mahali palipokwisha fagiwa, na hakuna aliyemkataza. Mhudumu alijua nani hunywa chai bila sukari na nani analia magharibi ikiingia. Tukafurahi, tukasema hii ndiyo. Halafu mmoja wetu akauliza: usiku analala nani na wazee? Kumbe usiku hakuna mtu ila mlinzi wa getini. Wiki iliyotangulia bibi mmoja alikuwa ameanguka msalani, akakaa chini hadi asubuhi.

Kwa hiyo msidanganywe na vigae, wala msidanganywe na roho nzuri peke yake. Tulikaa stendi tukingoja basi la kurudi, tukaandika kwenye karatasi mizani yetu. Ni hii:

1. Jina. Je, wanamwita kwa jina na heshima yake, Bi fulani, Mzee fulani? Wanajua alifanya kazi gani, ana watoto wangapi?

2. Saa. Nenda bila kuwaambia. Nenda mara mbili, na mara moja iwe wakati wa kula. Tazama kama asiyeweza kujilisha analishwa polepole, au sahani inawekwa na kuondolewa imejaa.

3. Usiku. Uliza ni watu wangapi wako macho usiku, kwa wazee wangapi.

4. Mlango na dawa. Ugonjwa huu humfanya mtu atembeetembee. Nyumba nzuri ina ua wenye uzio, mzee azunguke apendavyo. Nyumba mbaya ina kufuli, kamba, au vidonge vya kumlaza mchana kutwa. Omba kuona kitabu cha dawa: nani kaandika, kwa nini.

5. Lugha na dini. Akili ikipungua, mara nyingi lugha aliyojifunza ukubwani hutangulia kupotea, ile ya utotoni hubaki. Mama aliyelelewa kwa Kiamu au Kitikuu, ukimweka mahali hakuna anayemwelewa, umemfunga mdomo. Je, chakula ni halali? Atasaidiwa kutawadha? Mkristo ataletewa Komunyo? Hili liulizwe mapema, hata kama nyumba ni ya Kanisa.

6. Kazi. Mikono husahau mwisho. Je, wanampa mzee kitu cha kufanya, au anatazama ukuta?

7. Pesa na mauti. Ni kiasi gani kwa mwezi, na mtoto mmoja akiachishwa kazi nani atalipa? Na mzee akifa huko mbali, ataoshwa na nani, atazikwa wapi, maiti itafikaje Amu kwa haraka kama ilivyo desturi? Ni maneno mazito, lakini afadhali kuyasema kabla.

Tuliporudi

Sasa ndugu zetu, hapa ndipo tulipopata somo. Tulirudi nyumbani kwa yule mama, tukaketi na binti yake, tukamsomea ile karatasi moja moja. Akasikiliza. Kisha akasema, "Na hapa kwangu je? Nipimeni na mimi."

Tukaanza. Jina: ndiyo, anamwita mama. Lugha na dini: ndiyo. Usiku: yuko yeye peke yake, na hajalala vizuri miezi. Kazi: hakuna, mama anakaa tu. Mlango: akanyamaza. Halafu akatuambia, "Nikienda sokoni namfungia kwa nje. Siku nyingine namfunga mguu kitandani kwa leso, asije akafika baharini. Nisameheni."

Jamani, hakuna aliyemlaumu. Tulijiuliza, sisi tulikuwa wapi? Tumepanda boti na mabasi kwenda kupima nyumba za watu wa mbali, na nyumba ya jirani, hatua 100 kutoka kwetu, hatukuipima. Hodi tulikuwa tunapiga, tunasalimia mlangoni, tunapita.

Hili ndilo tunalotaka mwende nalo. Mizani ya nyumba ya wazee ni ile ile ya nyumba zetu. Kama kamba ni dhambi kule, ni dhambi na hapa. Na aliyeifunga hapa mara nyingi si mtu mbaya, ni mtu aliyeachwa peke yake.

Tulilolifanya

Mama hajapelekwa. Tulipatana hivi. Kikundi cha kina mama wanaosuka mikeka sasa huhamishia kazi yao kwenye daka lake, asubuhi tatu kwa wiki. Yeye hupewa miyaa, akasuka ukili. Hajui leo ni siku gani, lakini vidole vyake vinajua. Asubuhi hizo binti huenda sokoni, au hulala tu.

Watoto wa mbali, zile pesa walizotaka kulipia nyumba, sasa hulipa kwa sehemu yake kijana wa kike wa ukoo anayelala pale usiku nne kwa wiki. Kitasa cha mlango wa njiani kimewekwa juu, ndani, na kengele ndogo. Ngazi imewekwa kamba ya kushikia. Namba ya simu imeshonwa kwenye pindo la leso yake. Na tuliwaambia wenye boti na wenye punda: mkimwona, msimcheke wala msimkaripie. Mwambieni, "Maji bado hayajajaa, mama, turudi tungojee nyumbani." Hurudi.

Hatusemi mambo yote ni mazuri. Bado hulia jioni. Zamu ililegea wakati wa harusi, tukagombana. Pengine siku itafika ya kumpeleka kweli, na tukimpeleka hatutaona aibu, kwa sababu tutajua tunachotafuta na tutakwenda kumtazama.

Tusisahau pia haki yake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kuteswa, na kupata matunzo kutoka kwa familia na kwa Serikali. Wote wawili. Mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ulipanuliwa kwa wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa aliyeandikishwa. Ni kidogo, lakini ni chake. Vikundi viulize kwa chifu kama wazee wenu wameandikishwa, na pesa zinaingia mkononi mwa nani.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika kijiji chetu, ni wazee wangapi wenye ugonjwa wa kusahau? Nani anakaa nao usiku?

2. Tukiipima nyumba yetu wenyewe kwa mambo yale saba, tutapata mangapi?

3. Mtunzaji mmoja tunayemjua amechoka. Wiki hii kikundi kitampa asubuhi gani apumzike?

Swali la tatu msilijibu kwa maneno. Andikeni jina na siku, mje nalo mkutano ujao.