Breka Ikijizima, Usiweke Kubwa: Hotuba kwa Mafundi wa Kuchomelea



Breka ikijizima mara kwa mara, wengi hubadilisha na kuweka kubwa zaidi ili kazi ya mteja iendelee. Hapo ndipo moto huanzia. Kazi kuu ya breka ni kulinda waya. Mkiweka breka ya ampea 63 kwenye waya wa milimita 2.5 za mraba, waya unaweza kuungua ukutani na breka isishtuke.

Anzeni na kibati cha mashine. Tuchukue mashine ya kVA 7 kwa volti 240. Gawanyeni 7,000 kwa 240, mpate takriban ampea 29. Plagi ya kawaida ni ya ampea 13 tu, kwa hivyo haifai. Breka iwe ya 32, nao waya usipungue milimita 6 za mraba. Waya ukiwa mrefu, au ukibanana na nyaya nyingine ndani ya bomba, chagueni mnene zaidi.

Kama breka hujizima pale tu mashine inapowashwa, huenda ni ule mvuto mkubwa wa kuanzia. Breka ya aina ya C au D, ya ampea zilezile, huuvumilia.

Kazi hii aifanye fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, na waya wa ardhi usiachwe. Waya mnene ni ghali, lakini vibanda vyenu vimeshikana: kimoja kikiwaka, na jirani anapoteza riziki.