Mtungi, Bano na Ngao ya Chombo cha Angani

Mionzi inayozagaa angani, nje ya usumaku wa dunia, ni viini vya atomu vinavyokwenda kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Karibu tisa kwa kila kumi ni protoni. Vingi kati ya vinavyosalia ni vya heliamu, na vichache sana ni viini vizito kama vya chuma, ambavyo hudhuru seli kuliko vyote. Kifaa kilichosafiri na kigari cha uchunguzi cha Curiosity kwenda Mirihi kati ya 2011 na 2012 kilipima takriban milisiveti 1.8 kwa siku. Duniani, mionzi ya asili humpa mtu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka mzima.

Katika chumba cha eksirei, madini ya risasi hutosha kuzuia mionzi. Angani hali ni kinyume: kiini chenye kasi kikigonga kiini kikubwa cha risasi, au hata cha alumini, hukipasua na kumwaga nyutroni, nazo hazina chaji, kwa hiyo hupenya mbali. Watoto wanaocheza bano, yaani gololi, Kayole jijini Nairobi wanaijua kanuni ya kuzituliza. Bano ikigonga nyingine ya ukubwa uleule huikabidhi mwendo wake na kusimama; ikigonga ukuta hurudi na kasi yake. Nyutroni inalingana kwa uzito na kiini cha haidrojeni, kwa hiyo hicho ndicho huituliza. Tena, gramu kwa gramu, haidrojeni ina elektroni karibu maradufu ya elementi nyingine, na elektroni ndizo zinazofyonza nguvu ya protoni.

Haidrojeni hiyo imejaa katika mtungi wa njano wa lita 20 unaopangwa foleni Umoja au Dandora mifereji inapokauka. Asilimia 14 ya uzito wa polithini iliyotengeneza mtungi huo ni haidrojeni. Ya maji yaliyomo, 11. Kwa uzito uleule, mtungi na maji yake hukinga vizuri kuliko alumini ya sufuria. Ndiyo sababu polithini imewekwa katika vyumba vya kulala vya Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Lakini polithini huyeyuka kwenye nyuzijoto 130 hivi, na huwaka. Hapo ndipo nyenzo mchanganyiko zinapohitajika, kwa mantiki ya ghorofa za Eastlands: zege hustahimili kubanwa, vyuma vilivyomo hustahimili kuvutwa. Nyuzi za polithini zilizonyooshwa, zenye nguvu kuliko chuma cha uzito uleule, hufungwa ndani ya epoksi. Huongezwa boroni, inayomeza nyutroni zilizopunguzwa kasi. Ugumu mkubwa uko kwenye kushikana. Fundi wa jua kali anayeziba mtungi uliopasuka huyeyusha plastiki kwa chuma cha moto, kwa sababu gundi haishiki. Viwandani, uso wa nyuzi hizo hukwaruzwa kwa plazma kwanza.

Katika safari ya Artemis I, iliyoanza tarehe 16 Novemba 2022, sanamu mbili za kike, Helga na Zohar, zilipelekwa kuuzunguka mwezi. Zohar alivaa fulana nzito ya polithini; Helga hakuvaa, ili vipimo vyao vya mionzi vilinganishwe.

Si kila chombo hutegemea ngao. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ilikingwa na njia yake: ilizunguka juu ya ikweta, ikiepuka kitovu cha eneo la Atlantiki Kusini ambako mionzi hushuka karibu zaidi na dunia. Setilaiti ya Kenya ya Taifa-1, iliyorushwa 15 Aprili 2023, iliwekwa kwenye njia inayopita karibu na ncha za dunia, ambayo haiwezi kulikwepa eneo hilo. Katika kijisetilaiti kama hicho hakuna nafasi ya ngao nene. Kinga hutegemea kuta zake na vipuri vinavyostahimili mionzi.