Nani Amevunja?



Kitenzi nilichokichagua jioni hii ni kuvunja. Mtoto hukijua kabla hajajua kuhesabu, na mwanasheria hakiachi mpaka anastaafu. Nadai kwamba matumizi yake ya kitamathali hayakutawanyika ovyo. Yanafuata tabia ya vitu tunavyovishika, na maumbo ya kitenzi hiki yanampa msemaji nafasi ya kumtaja mtenda au kumficha.

Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha kila uharibifu. Sahani, mfupa, ukuni na nazi huvunjika. Kamba hukatika, nguo huchanika, tairi hupasuka, ukuta hubomoka, redio huharibika. Kinachovunjika huwa kigumu na kizima, na kikishavunjika hata ukikiunga alama yake hubaki.

Tabia hiyo imehamia kwenye mambo yasiyoshikika. Ahadi, mkataba, uchumba, mwiko na sheria huvunjwa, kwa kuwa watu walivisimamisha vikawa vizima. Tamaa haivunjwi. Tamaa hukatwa, kwa sababu tunaiona imenyooka kutoka kwa mtu kwenda kwa kile anachokitaka. Ndiyo maana aliyevunjika moyo huambiwa jipe moyo, lakini aliyekata tamaa huwa ameachia kabisa. Simu na umeme navyo hukatika, maana tunaviona kama vitu vinavyopita kwenye waya. Hatukufundishwa mgawanyo huu darasani, na bado mvuvi wa Pemba na dereva wa Morogoro hawaukosei.

Pwani kuna hazina zaidi. Siku za mwisho za Shaabani, kabla ya mfungo wa Ramadhani, watu huvunja jungu: hula na kufurahi pamoja. Msichana akipata hedhi ya kwanza husemwa amevunja ungo. Katika misemo hii hakuna lazima ya chombo kupasuka. Kinachofikia mwisho ni hali: siku za kula mchana, au utoto. Jungu na ungo ni vyombo vya jikoni, na mimi naamini misemo hii ilizaliwa vinywani mwa wanawake. Kamusi zetu huieleza kwa mstari mmoja kisha zikapita. Inastahili utafiti mzito kuliko huo, na wenye kuujua undani wake ni masomo na makungwi, ambao vyuo vikuu tumechelewa kuwaita.

Sokoni nako noti huvunjwa. Karatasi kwa desturi huchanika, kwa hiyo hapa tunavunja thamani nzima ili tupate vipande vyake. Maana hii ilisafiri mbali. Kinyarwanda na Kirundi vina kitenzi chao, kuvuna, kwa mfupa unaovunjwa. Hata hivyo, mtu wa Kigali anayetaka kubadilisha fedha husema kuvunjisha. Majirani zetu hawakuwa na haja ya neno letu la mfupa. Walichukua lile la fedha.

Sasa niingie kwenye jambo linalonigusa zaidi, tofauti ya kuvunjwa na kuvunjika. Husemwa sahani imevunjwa na Juma. Haisemwi sahani imevunjika na Juma. Kauli ya kutendwa ina mahali pa kumweka mtenda, hata tusipomtaja. Msikilizaji ana haki ya kuuliza, imevunjwa na nani? Kauli ya kutendeka hutaja hali peke yake, na mtenda hana pa kukaa.

Sheria zetu zinaijua tofauti hii. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitaka mahakama iridhike kwanza kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, ndipo iivunje. Kuvunjika ni hali ambayo hakimu anaikuta nyumbani kwa watu. Kuvunja ni tendo lake mwenyewe, lenye saini yake. Katiba ya mwaka 1977, katika Ibara ya 90, inamtaja anayelivunja Bunge, yaani Rais, na inaorodhesha hali ambazo ndani yake anaweza kufanya hivyo. Kenya, tarehe 21 Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kuzuia jinsia moja isizidi theluthi mbili ya nafasi za kuchaguliwa. Bunge halikuvunjwa. Lakini Wakenya walijua ni nani aliyeshauri, nani aliyeshauriwa na kwa kosa gani, kwa kuwa kila kitenzi katika shauri lile kilikuwa na mwenyewe.

Linganisheni na lugha ya taarifa nyingi tunazosikia: amani imevunjika, makubaliano yamevunjika, mazungumzo yamevunjika. Mara nyingine ni kweli kwamba hakuna anayejulikana kuhusika, na hapo kutendeka ndiyo kauli ya haki. Mara nyingi, hata hivyo, mwandishi anamjua aliyeondoka mezani, na msikilizaji hapewi jina. Naliona hilo kuwa kosa la uandishi, wala si suala la ladha. Mkulima aliyevunjiwa mkataba wa kuuza mazao yake hana pa kupeleka madai yake ikiwa kila mtu anamwambia mkataba ulivunjika.

Kwa hiyo nawaomba wahariri, makarani wa mahakama na ninyi wanafunzi mtakaoandika habari za nchi hizi: mkimjua mtenda, andikeni amevunja, na jina lake liwekwe mbele ya kitenzi.